Jinsi Familia ya Mchimbaji wa Makaa ya Mawe Inavyoweza Kujilinda

Dunia huzikumbuka familia za wachimbaji wa makaa ya mawe siku mgodi unapolipuka. Courrières nchini Ufaransa, ambako watu 1,099 walikufa tarehe 10 Machi 1906, na Soma nchini Uturuki, ambako watu 301 walikufa tarehe 13 Mei 2014, hutajwa hadi leo kwa sababu msiba ulitokea ghafla na mbele ya macho ya wote. Hata hivyo, sehemu kubwa ya mateso ya familia hizi haina tarehe wala kishindo. Huja kama kikohozi kisichokwisha, deni linalokatwa kwenye mshahara, ufa unaorefuka ukutani, na barua ya madai inayorudishwa kwa sababu mjane amekosa karatasi moja. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mke, mume, mzazi au mtoto mkubwa wa mtu anayefanya kazi mgodini. Ninachokishikilia ndani yake ni kwamba madai ya haki hushindwa mara nyingi kwa kukosa ushahidi, na kwamba hakuna anayeweza kuukusanya ushahidi huo vizuri kuliko watu wa nyumbani, maadamu wataanza wakati mchimbaji angali mzima na ana nguvu zake.

Daftari la kazi

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na ndivyo inavyopotea afya ya mchimbaji. Tafuta daftari lenye jalada gumu, uandike katika ukurasa wa kwanza jina lake kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho, namba yake ya kazi, tarehe aliyoanza, jina la mgodi na jina la mwajiri. Hapo kwenye mwajiri pana mtego. Getini huweza kuandikwa jina moja, ilhali mshahara unalipwa na mkandarasi ambaye mkataba wake huisha baada ya mwaka mmoja au miwili, kisha anakuja mwingine na wachimbaji wanahamishiwa kwake bila hata kubadilisha kofia. Baada ya miaka ishirini mtu huyo anaweza kuwa amefanya kazi katika mwamba uleule chini ya waajiri watano, na kila mmoja wao atadai kwamba vumbi lililomdhuru lilikuwa la mwenzake. Kwa hiyo kila badiliko la mwajiri liandikwe siku linapotokea, pamoja na jina lililo kwenye karatasi ya malipo ya mwezi huo.

Andika pia kazi yenyewe kwa maneno yanayoeleweka. Kusema kwamba mtu anafanya kazi mgodini hakutoshi, kwa kuwa anayeendesha mashine ya kukatia, anayetoboa mwamba wa dari ili kufunga vyuma vya kuushikilia, anayepakia na anayehudumia mitambo ya juu hawavuti vumbi kwa kiasi kimoja. Mara moja kwa wiki, mchimbaji akiwa ametulia, muulize mambo machache: alikuwa sehemu gani, maji ya kuzuia vumbi yalikuwa yakitoka au la, hewa ilikuwa ikipita vizuri, kuna aliyeumia, nani alikuwapo. Mistari mitatu inatosha. Majina ya walioshuhudia yana thamani kubwa sana, kwa sababu watu wa mgodini huhamahama, na miaka kumi baadaye hakuna atakayekumbuka zamu ya usiku ilikuwa na nani.

Nyaraka zenyewe zitunzwe mahali pawili, nakala moja nyumbani na nyingine kwa ndugu anayeaminika anayeishi nyumba tofauti, na picha zake zihifadhiwe kwenye simu. Nyaraka hizo ni mkataba, kitambulisho cha kazi, karatasi za malipo, michango ya hifadhi ya jamii, vyeti vya mafunzo ya usalama, na kila karatasi ya hospitali hata kama inahusu jeraha dogo la kidole. Kisha linganisha majina. Ikiwa mkataba unasema jina moja, cheti cha ndoa kinasema jingine, na cheti cha kuzaliwa cha mtoto kimekosewa herufi mbili, rekebisheni sasa kwa kiapo au kwa ofisi ya usajili, kwa kuwa kosa ambalo mtu aliye hai hulirekebisha kwa safari moja humzungusha mjane kwa miezi. Ndoa ambayo haijasajiliwa isajiliwe. Fomu ya warithi iliyojazwa wakati mchimbaji alikuwa kijana asiyeoa ijazwe upya, maana bila hivyo fedha zitakwenda kwa aliyetajwa wakati ule, hata kama nyumbani kuna watoto wanne.

Vumbi

Kati ya mambo yote yanayoikabili familia, hili ndilo linalohitaji uelewa mkubwa zaidi, kwa sababu vumbi linaloua halionekani kwa macho. Lile la chembe kubwa hunaswa puani na kooni, likatoka kama makohozi meusi. Chembe zilizo ndogo kuliko maikromita 5, wakati unywele wa binadamu una unene wa takriban maikromita 70, hupita kinga zote hizo na kufika kwenye vifuko vidogo vya hewa mwishoni mwa mapafu. Seli za ulinzi huzimeza, hushindwa kuziyeyusha, hufa, na mahali pake hujengeka kovu. Makovu yakiongezeka huungana kuwa mabonge magumu, na pafu lenye kovu halitanuki. Ugonjwa huu, ambao wengi huuita mapafu meusi, kwa kawaida huchukua miaka kumi au zaidi kujitokeza, hauna dawa ya kuuondoa, na unaweza kuendelea kukua hata baada ya mtu kuacha kazi. Ndiyo maana makohozi yakirudi kuwa meupe baada ya likizo, isidhaniwe kwamba mapafu yamesafika.

Hatari huwa kubwa zaidi pale ambapo tabaka la makaa limekuwa jembamba na mashine inalazimika kukata mwamba wa juu na wa chini ili kulifikia. Mwamba huo una silika, yaani madini yaliyomo katika mchanga na mawe mengi, ambayo vumbi lake ni kali kuliko la makaa. Watu wengi waliamini kwamba mapafu meusi ni maradhi ya enzi za babu zetu, mpaka mwaka 2018 watafiti wa Marekani walipotangaza wagonjwa 416 wa hatua mbaya kabisa ya maradhi hayo, wote wakiwa wamehudumiwa katika kliniki tatu tu za jimbo la Virginia kati ya mwaka 2013 na 2017. Katika milima ya Appalachia ya kati, mchimbaji mmoja kati ya watano waliofanya kazi miaka 25 au zaidi alikutwa na ugonjwa huo. Haya yalitokea katika nchi ambayo imekuwa na kikomo cha vumbi kisheria tangu sheria ya mwaka 1969, kikomo kilichowekwa kuwa miligramu 2 kwa kila mita ya ujazo ya hewa mwaka 1972 na kushushwa hadi miligramu 1.5 mwaka 2016. Sheria nzuri ofisini haimaanishi kwamba hewa ya shimoni ni nzuri, na familia isikubali kutulizwa kwa kuonyeshwa kanuni zilizobandikwa ukutani.

La kwanza la kufanya ni vipimo viwili mwanzoni mwa ajira: picha ya eksirei ya kifua, na kipimo cha kupuliza kinachoonyesha mapafu yanaweza kuvuta na kutoa hewa kiasi gani. Hivi ndivyo vitakavyoonyesha baadaye kwamba mtu aliingia mgodini akiwa mzima. Virudiwe kila baada ya miaka michache, na kila mara muombe picha yenyewe, iwe karatasi au faili la kompyuta, badala ya kuridhika na taarifa ya mstari mmoja isemayo kwamba kifua ni cha kawaida. Picha ikiwapo, daktari mwingine anaweza kuisoma upya, hasa aliyefunzwa kutumia mizani ya Shirika la Kazi Duniani ya kupima makovu ya vumbi.

Mnapokwenda hospitali, semeni kazi ya mgonjwa kabla ya kusema dalili. Makovu ya silika hufanana na ya kifua kikuu kwenye eksirei, na jambo gumu zaidi ni kwamba silika huongeza uwezekano wa kuugua kifua kikuu chenyewe, kwa hiyo mtu anaweza kuwa na yote mawili. Wapo waliotibiwa kifua kikuu mara mbili au tatu bila kupata nafuu kwa sababu hakuna aliyeuliza walikuwa wakifanya kazi gani. Kuhusu sigara, ukweli ni huu: makovu ya vumbi la makaa hayaletwi na sigara, lakini sigara huyaharibu mapafu yaleyale kwa njia nyingine, na humpa mwenye kupinga madai neno la kusema. Mchimbaji anayevuta asaidiwe kuacha, bila kulaumiwa.

Dalili za mwanzo huonekana nyumbani kabla ya kuonekana hospitali, na mchimbaji mwenyewe huzificha kwa kuogopa kuondolewa kazini. Tazama kama ameanza kusimama katikati ya ngazi akijifanya kutazama kitu, kama anatembea polepole kuliko wewe ilhali zamani alikuwa akikuacha nyuma, kama anahitaji mito miwili au mitatu ili alale, kama anaacha kuinama kufunga viatu, kama anakohoa alfajiri hadi kuchoka. Andika tarehe ya kila badiliko hilo. Maelezo ya mke yaliyoandikwa mwaka hadi mwaka humsaidia daktari kuona mwendo wa ugonjwa, na humpa wakili kitu cha kushika.

Barakoa ina kazi yake, ila ya kitambaa au ya karatasi nyembamba haizuii chembe ndogo, na hata ile nzuri huvuja ikiwa haikai sawasawa usoni au mvaaji ana ndevu. Zaidi ya hapo, mtu anayefanya kazi nzito katika joto hawezi kuivaa zamu nzima. Kinga ya kweli ni maji yanayonyunyizwa pale mashine inapokata na hewa safi inayosukumwa hadi mwisho wa njia, na hayo ni wajibu wa mgodi. Muulizeni mjumbe wa kamati ya usalama vipimo vya vumbi hufanywa lini na matokeo yake yanabandikwa wapi.

Vumbi linapofika nyumbani

Kwa vizazi vingi vumbi lilikuja nyumbani kwa miguu ya mchimbaji. Katika mabonde ya Wales, wanaume walirudi weusi tii, na wake zao walichemsha maji kwa kila zamu, kwa waume na kwa wana wao wakubwa, usiku na mchana. Mwaka 1919 Elizabeth Andrews wa bonde la Rhondda alikwenda London pamoja na wake wengine wa wachimbaji kutoa ushahidi mbele ya tume ya Sankey, iliyoundwa na serikali kuchunguza sekta ya makaa, akaeleza mzigo wa kubeba maji ya moto na kufua nguo za mgodini, na jinsi mzigo huo ulivyoiumiza miili ya wanawake. Walichodai ni mabafu ya kuogea mgodini. Nawaheshimu sana wanawake hao, kwa sababu walizungumzia beseni na nguo chafu mbele ya wakubwa ambao pengine walitarajia kusikia habari za tani na bei, na mabafu yalijengwa katika miaka iliyofuata.

Dai hilo bado ni halali popote palipo na mgodi usio na bafu wala kabati mbili, moja ya nguo safi na nyingine ya nguo za kazi. Mpaka litimizwe, nguo na viatu vya mgodini vivuliwe nje au mlangoni, viwekwe kwenye mfuko uliofungwa, na visikung'utwe wala kupigwa ukutani, kwa kuwa hapo ndipo vumbi dogo hupanda hewani na kuvutwa na anayefua. Ziloweke kwanza, kisha uzifue peke yake, mbali na nguo za watoto. Sakafu ipanguswe kwa kitambaa kibichi badala ya kufagiliwa ikiwa kavu.

Familia nyingi hupata makaa ya bure au ya bei nafuu na kuyatumia jikoni. Makaa yanapoungua bila hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, na ndiyo gesi iliyoua watu wengi wa Soma. Jiko liwe na bomba linalotoa moshi nje, bomba lisafishwe, na moto uliobaki usiachwe katika chumba kilichofungwa wakati watu wamelala. Watu wawili au zaidi wakiumwa kichwa, wakisikia kizunguzungu na kutapika kwa wakati mmoja ndani ya nyumba, tokeni nje kwanza, maswali yafuate baadaye.

Kabla ya ajali na baada yake

Yapo maswali ambayo familia inastahili kujua majibu yake siku ya kawaida. Mgodi una njia ngapi za kutokea? Tarehe 16 Januari 1862 katika mgodi wa Hartley, kaskazini mwa Uingereza, chuma cha mtambo wa kuvuta maji kilivunjika na kuangukia shimo pekee la kushukia. Wanaume na wavulana 204 wakafa chini kwa kukosa njia ya pili, na mwaka huohuo sheria ikaamuru kila mgodi uwe na njia mbili. Je, kuna orodha ya walio chini kwa kila zamu, na inakaa wapi? Namba ipi ya simu itapokewa usiku? Gesi ya methani, ambayo hulipuka inapofikia kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa, inapimwa na nani, na mara ngapi? Mchimbaji akikwambia kwamba kipimo cha gesi hufunikwa au kuzimwa ili kazi isisimame, hilo liandikwe katika daftari siku hiyohiyo, na litolewe taarifa kupitia chama cha wafanyakazi au mkaguzi wa migodi, bila kumtaja jina pale panapowezekana.

Ajali ikitokea, mtu mmoja wa familia aliye mtulivu apewe kazi ya kuandika: nani amesema nini, saa ngapi, kwa niaba ya nani. Msitie saini karatasi yoyote katika siku za kwanza za majonzi, hata ikiletwa pamoja na fedha za mazishi. Pokeeni msaada wa mazishi kwa stakabadhi ya kawaida, lakini hati yenye maneno ya kukubali malipo kuwa ya mwisho isubiri mpaka isomwe na mtu anayejua sheria asiyelipwa na mgodi. Hudhurieni uchunguzi wa wazi kila siku unapoendelea, wengi iwezekanavyo. Baada ya mlipuko wa Senghenydd huko Wales tarehe 14 Oktoba 1913, ulioua wachimbaji 439 na mwokoaji mmoja na kuacha wajane zaidi ya 200, faini zote zilizotozwa hazikufika pauni 40. Hiyo ndiyo thamani ambayo mahakama hutoa pale familia zisipokuwa na nguvu ya kudai zaidi.

Kuna shida nyingine isiyozungumzwa sana, nayo ni ya mwili usiopatikana. Huko Coalbrook, Afrika Kusini, nguzo za makaa zilizoachwa kushikilia dari ziliporomoka tarehe 21 Januari 1960 na kuwafunika watu 435, wengi wao wakiwa wahamiaji kutoka Lesotho na Msumbiji, na miili yao haikutolewa kamwe. Tarehe 6 Juni 1972 huko Wankie, ambayo leo ni Hwange nchini Zimbabwe, watu 427 walikufa, na mgodi ukafungwa ukiwa na wengi wao ndani. Bila mwili, cheti cha kifo hutegemea tamko la mahakama au la serikali, na tamko hutegemea kuthibitisha kwamba mtu fulani alishuka zamu fulani. Kwa familia iliyo mbali, katika nchi nyingine, daftari na nakala za mkataba vinaweza kuwa ndiyo njia pekee ya kuthibitisha kwamba mpendwa wao alikuwa pale.

Wengi zaidi hufa polepole, nyumbani, miaka mingi baada ya kuacha kazi, na hati ya kifo ikaandikwa kwamba moyo ulisimama. Ikiwa mgonjwa alikuwa na maradhi ya vumbi, mwombeni daktari aandike ugonjwa huo kuwa sababu au chanzo, na fikirieni uchunguzi wa maiti, kwa sababu mapafu yenyewe yanaweza kuwa ushahidi ambao eksirei haikutoa. Najua ni jambo zito kulizungumza na mtu anayepigania pumzi. Lizungumzwe mapema, na uamuzi uwe wake.

Fedha, nyumba na deni

Mshahara wa mgodini huonekana mkubwa kwa sababu umeunganishwa na malipo ya ziada ya tani na saa. Pangeni matumizi ya lazima kwa kutumia mshahara wa msingi peke yake, na ziada iende kwenye akiba au kwenye mambo yanayoweza kuahirishwa. Familia iliyokopa kwa kutegemea ziada humlazimisha mchimbaji, bila kukusudia, kuingia zamu akiwa mgonjwa au kunyamaza anapoona hatari.

Deni la mgodini lina historia mbaya. Zamani wachimbaji wa nchi nyingi walilipwa kwa vipande vya chuma au karatasi vilivyokubaliwa katika duka la kampuni tu, kwa bei ya kampuni. Uingereza ilipiga marufuku malipo ya namna hiyo kwa sheria ya mwaka 1831, lakini katika kambi za Marekani yaliendelea hadi karne ya 20. Leo sura ya deni hilo ni makato: ya nyumba, ya vifaa vya kazi, ya mkopo wa mwajiri, ya mkopeshaji anayesimama getini siku ya mshahara. Kila kato lisiloelezwa kwenye karatasi ya malipo lihojiwe kwa maandishi.

Nyumba ya kampuni ni tatizo la peke yake, kwa kuwa kazi ikiisha, paa nalo huondoka. Mwaka 1914 wachimbaji waliogoma huko Ludlow, Colorado, nchini Marekani, walikuwa wakiishi na familia zao katika mahema kwa sababu walifukuzwa katika nyumba za kampuni. Tarehe 20 Aprili kambi yao ilipovamiwa na kuchomwa, wanawake wawili na watoto kumi na mmoja waliojificha katika shimo chini ya hema walikufa. Ulizeni mapema, na mpate jibu la maandishi, familia itakaa kwa muda gani baada ya kifo, ugonjwa au kufukuzwa, na kuanzia mwaka wa kwanza wekeni kando sehemu ndogo kwa ajili ya makazi yasiyo ya kampuni.

Ardhi na maji

Familia inaishi pia na kile mgodi unachokitupa. Tarehe 21 Oktoba 1966 lundo la mabaki ya mgodi lililojengwa juu ya chemchemi liliteleza na kuifunika shule ya Pantglas katika kijiji cha Aberfan, Wales. Walikufa watoto 116 na watu wazima 28. Onyo lilikuwa limeandikwa: mwaka 1963 mhandisi wa halmashauri alipeleka barua kueleza hatari ya mabaki hayo nyuma ya shule. Tarehe 26 Februari 1972, bwawa la tope la makaa la Buffalo Creek huko West Virginia, Marekani, lilipasuka na kuua watu 125, siku nne baada ya mkaguzi kuliona kuwa la kuridhisha.

Kwa hiyo wakazi wajifunze kulitazama lundo na bwawa kwa macho yao wenyewe. Maji yanayotokeza chini ya lundo, nyufa juu yake, ukingo unaovimba, na maji ya bwawa yanayopanda wakati wa mvua ni mambo ya kupigwa picha kutoka mahali palepale kila mwezi, picha ikiwa na tarehe. Malalamiko yapelekwe kwa barua yenye nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa, kwa kuwa malalamiko ya mdomo hayana mtu atakayeyakumbuka. Fanyeni hivyo kwa nyufa za nyumba, mkipima upana wake na kuandika penseli mwisho wa ufa ulipofikia. Ardhi inayotoa joto, moshi au harufu ya kiberiti iwekewe alama na watoto wakatazwe kabisa kuikaribia, maana makaa yakishika moto chini hayazimiki kirahisi: huko Jharia, India, moto unawaka tangu mwaka 1916, na mji wa Centralia, Pennsylvania, ulihamwa na karibu wakazi wake wote kwa sababu ya moto ulioanza mwaka 1962.

Ndani ya nyumba

Zamu za usiku huvunja usingizi, na usingizi uliovunjika huleta hasira ambayo mara nyingi humwangukia asiyehusika. Chumba chenye giza, watoto waliofunzwa kunyamaza saa fulani, na mlo mmoja kwa siku ambao wote wanakula pamoja husaidia kuliko mahubiri. Mchimbaji aliyeona mwenzake akifa anaweza kunyamaza kwa miezi, kuota ndoto mbaya au kuanza kunywa. Mshawishini aonane na mhudumu wa afya ya akili kama ambavyo angepelekwa hospitali akivunjika mguu. Ila uchovu na huzuni haviruhusu kipigo. Anayepigwa au kutishwa nyumbani atafute mahali salama na awaambie watu, na jamii ya mgodi isimwambie avumilie kwa sababu mumewe anafanya kazi ngumu.

Kudai pamoja, na kufungwa kwa mgodi

Familia moja yenye daftari zuri ina nguvu. Familia thelathini zenye madaftari yanayosema jambo lilelile zina nguvu ya namna nyingine kabisa. Baada ya mlipuko wa Farmington, West Virginia, ulioua wachimbaji 78 tarehe 20 Novemba 1968, wachimbaji wa jimbo hilo waligoma mwezi Februari 1969, wakishirikiana na madaktari wachache waliokubali kusema hadharani kwamba vumbi linaua, na hawakurudi kazini mpaka jimbo lilipopitisha sheria ya fidia ya mapafu meusi. Sheria ya nchi nzima ikafuata mwaka huohuo. Undeni kikundi cha wagonjwa na wajane, kutaneni kwa ratiba, linganisheni tarehe, majina ya wakandarasi na sehemu za mgodi. Wakili au wakala akijitokeza, mkataba wake usomwe na wote kabla ya mmoja kutia saini. Nchini Uingereza, wakati wa fidia kubwa ya maradhi ya kifua iliyofuata hukumu ya mwaka 1998, mawakili kadhaa walikata sehemu ya fedha za wagonjwa ilhali serikali ilikuwa tayari inawalipa ada zao. Ulizeni pia muda wa mwisho wa kudai, na kama unahesabiwa tangu mtu alipoacha kazi au tangu alipoambiwa ana ugonjwa, kwa kuwa tofauti hiyo inaweza kuamua kila kitu.

Kila mgodi hufungwa siku moja. Ujerumani iliamua mwaka 2007 kuachana na uchimbaji wa makaa magumu hatua kwa hatua, na ilipoufunga mgodi wake wa mwisho wa aina hiyo, Prosper-Haniel, tarehe 21 Desemba 2018, wachimbaji walikuwa wamepewa miaka kadhaa ya kustaafu mapema au kuhamishiwa kazi nyingine. Kwingine hufungwa kwa usiku mmoja. Julai 2019 hundi za mshahara za wachimbaji wa Harlan County, Kentucky, zilirudi bila fedha baada ya kampuni yao kuomba kinga ya ufilisi, nao wakakaa kwenye reli na kuzuia treni ya makaa wakidai malipo yao. Dalili huonekana mapema: mitambo haitengenezwi, mshahara unachelewa, michango ya hifadhi ya jamii haifiki kwenye mfuko wa hifadhi, wakandarasi wanaondoka. Mkiona hayo, msisubiri tangazo. Nendeni mkachukue barua ya utumishi inayotaja miaka na kazi zote, nakala ya faili la zahanati ya mgodi, matokeo ya vipimo vya vumbi na taarifa ya michango. Kisha ulizeni kwa barua, mkiwa wengi, ni ofisi gani ya serikali itakayotunza kumbukumbu hizo mgodi ukishafungwa, na mhakikishe jibu linakuja likiwa na jina la ofisi, anwani na sahihi.